Kitufe cha Solo na Jani la Sale

Mtu akishapokea sale, jambo limekwisha. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hivyo ndivyo nilivyojiambia kila nilipojigeuza kitandani juma lile: amepokea, amesamehe, wewe ni nani? Kisha swali likarudi kwa mlango wa nyuma. Limekwisha kwa nani? Kwa aliyelipeleka lile jani, sawa. Lakini kwaya nzima bado iliamini kwamba yule mama ndiye aliyeharibu wimbo, na mimi nilikuwa na ushahidi ndani ya kompyuta kwamba si yeye. Je, nilikuwa na haki ya kuufungulia spika wakati aliyekosewa mwenyewe amekwisha kusamehe?

Sale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba zetu mlimani. Aliyekosa huchuma jani, hulifunga fundo, hulipeleka kwa aliyemkosea. Ukiletewa, hukatai. Wapo wazee wa kanisa ambao mambo mengi ya mababu wameyatupa, lakini ukiwawekea jani lile mkononi wananyamaza. Sina ugomvi na desturi hiyo. Imemaliza kesi ambazo mahakama ingezivuta hadi kwa wajukuu. Ugomvi wangu ulikuwa na mtu aliyeitumia kufunikia.

Nilikuwa nimemaliza chuo Dar es Salaam, masomo ya kompyuta, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikarudi Moshi na cheti na wasiwasi. Kazi hakuna. Baba alikuwa ameng'oa nusu ya mibuni akapanda nyanya, akisema kahawa siku hizi inamnufaisha kila mtu isipokuwa anayeilima. Kazi niliyoipata ilikuwa studio ya kurekodi kwaya, chumba kimoja nyuma ya duka la kanda na betri karibu na stendi. Mwenye studio alikuwa mfanyabiashara aliyeuza mitumba kabla ya kuuza muziki, na alizungumza juu ya vyote viwili kwa lugha moja: hii safi, hii ina doa, hii toa.

Programu ya kurekodi nilikuja nayo mimi, kwenye sidii niliyonakili chuoni. Ilikuwa ya bure, na ilitolewa pamoja na maandishi yake ya ndani, kwa hiyo anayejua kuandika programu aliweza kuifungua na kuibadilisha. Kila maiki ilipata mstari wake kwenye skrini, tuliouita traki, na kila traki ilikuwa na kitufe chenye herufi S. Hiyo ndiyo solo. Ukiibonyeza, traki nyingine zote zinanyamaza, unasikia ile moja. Ukibonyeza S ya traki nyingine, ile ya kwanza inazimika yenyewe. Moja tu kwa wakati mmoja. Sikuwahi kulitilia shaka jambo hilo, mimi ambaye hurudi nyumbani kutoka njia panda kuhakikisha kama nimefunga mlango.

Kwaya yenyewe ilikuwa ya Old Moshi. Studio yetu isingewatosha, kwa hiyo tulipandisha vyombo kwa pikapu hadi ukumbi wa usharika wao, nikaweka maiki kwa kila sauti. Sauti ya pili, wanawake, walisimama kushoto, sauti ya tatu, wanaume, kulia, sauti ya kwanza na besi nyuma yao. Mbele kabisa ya maiki ya sauti ya pili alisimama yule mama, kwa sababu alikuwa mfupi kuliko wenzake. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye sauti nzito yenye mikwaruzo kidogo, aliyekuja na chupa kubwa ya mtori ili watu wanywe supu ya ndizi katikati ya nyimbo wasije wakaimba na njaa. Mimi alinipa kikombe cha kwanza. Alisema mtu anayefikiri sana hula kidogo.

Mwalimu wa kwaya alikuwa pia mwalimu wa shule ya msingi, mtu mrefu, msafi, anayeheshimika kuanzia kwenye usharika hadi sokoni. Alipokuwa akiongoza hakutulia. Alianzia kwa hawa, akawainamia, akavuka kwa wale, akarudi. Nilimwomba kwa adabu asimame mahali pamoja. Akanijibu kwamba kwaya si ng'ombe wa bandani, huwezi kuihudumia umesimama mlangoni. Watu wakacheka, nikacheka nao, nikaanza kurekodi.

Juma lililofuata tulirudi na kompyuta na spika mbili ili kwaya isikilize. Waliketi kwenye mabenchi, wamevaa vizuri kama watu wanaokwenda kutazama picha zao za harusi. Wimbo wa kwanza mzuri, wa pili mzuri. Wa tatu ulikuwa na kitu kinachokwaruza, sauti iliyokuwa chini kidogo ya wenzake, kama mguu mmoja wa meza uliopungua. Kila mtu alisikia. Mwenye studio, kwa furaha ya mtu anayeonyesha bidhaa, akamweleza mwalimu habari za kile kitufe: unamsikia kila mmoja peke yake, hakuna pa kujificha.

Sikuwahi kupata nafasi ya kueleza. Mwalimu alinyoosha mkono juu ya bega langu, akashika kipanya, akabonyeza mwenyewe. Sauti ya kwanza, safi. Besi, safi. Sauti ya pili, na pale pale ikatoka ile sauti, nyembamba, yenye kukwaruza, chini ya noti. Akasimamisha. Akauliza mbele ya maiki hii alisimama nani. Aliuliza kama mwalimu anavyouliza darasani, akiwa anajua jibu.

Vichwa viligeuka kwa yule mama. Besi mmoja mcheshi, ambaye kila kwaya inaye, akasema kumbe masika hayajaisha, chura bado yupo. Ukumbi ukacheka. Mwalimu akaicheza tena. Halafu tena. Mara ya tatu hapakuwa na haja yoyote ya muziki, ilikuwa adhabu.

Yule mama alisimama. "Mwalimu, hiyo si sauti yangu."

"Mama, mashine haisemi uongo. Miaka yote tumekuwa tukikubeba, basi leo tumejua tumebeba nini."

"Kompyuta haina undugu, mama," mwenye studio akaongeza, na akaangalia watu kama aliyesema jambo la maana.

Mama akafunga kitenge vizuri, akatoka. Chupa yake ya mtori ilibaki chini ya benchi. Mwalimu akatoa uamuzi papo hapo: traki ya sauti ya pili ifutwe, sauti ya pili warudie kuimba Jumamosi baada ya majuma mawili bila yeye, na kwenye kanda asiwemo.

Nilishuka mlimani nyuma ya pikapu nimekumbatia kompyuta, nimekasirika kiasi kwamba sikumjibu mwenye studio aliponisemesha. Kilichonichoma si ukali peke yake. Ni lile neno, mashine haisemi uongo, kutoka kwa mtu aliyeijua mashine hiyo kwa dakika chache. Kitufe cha solo hakimtengi mtu. Kinatenga maiki, na maiki husikia kila kinachopita mbele yake. Kila aliyelelewa mlimani angeweza kulielewa hilo kama angepewa nafasi ya kulifikiria, kwa maana wote tunakunywa maji ya mfongo. Mfereji ule unatoka juu msituni, unapita kihamba baada ya kihamba, na ukikuta tope kwako huendi kumpiga aliye karibu na ndoo yako. Unapanda juu kutazama. Hawa walimpiga aliye karibu na ndoo.

Nikaanza kupanda juu. Nilisikiliza traki ya sauti ya pili, nikaisikia ile sauti. Nikasikiliza ya sauti ya tatu, na mwanzoni kabisa, kwa mbali, nikaisikia hapo pia. Mama mmoja hawezi kusimama kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Nilitaka kuzisikia traki hizo mbili pamoja, hizo tu, moja kwenye spika ya kushoto na nyingine kwenye spika ya kulia, kama zilivyokuwa ukumbini, ili nijue ile sauti inatoka upande gani. Programu ikakataa. Nikiwasha S ya pili, ya kwanza inazimika.

Nilikwenda kwenye duka la intaneti nikawaandikia watengenezaji. Mmoja wao alinijibu kwa upole unaoudhi kwamba hivyo ndivyo ilivyokusudiwa, na kwamba anayetaka kusikia mbili anyamazishe nyingine zote moja moja kwa mkono. Nilijaribu. Kompyuta yetu ilikuwa ya mtumba, na kila kitufe nilichobonyeza kiliikwamisha hadi wimbo unapita mahali nilipopataka. Na sikio husahau upesi. Nani alikaa huko mbali akaamua kwamba watu wasikilizwe mmoja mmoja tu, kana kwamba hakuna jambo duniani linalojulikana kwa kuwasikia wawili? Najua hawakuwa na nia mbaya. Hasira yangu haikujali.

Basi nikafungua maandishi ya programu. Mchana umeme ulikuwa unakatika bila taarifa, nikawa naandika mabadiliko kwenye karatasi kwanza, nayahamisha ukirudi. Jaribio langu la kwanza lilikuwa la mtu mwenye haraka: niliondoa tu ule mstari unaozima S ya mwenzake. Nikawasha mbili. Zote zikawaka, na spika zikakaa kimya kabisa. Ilinichukua muda kuelewa, kisha nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Kila traki iliyowashwa ilikuwa inawaambia wengine wote wanyamaze, na mwenzake akiwa miongoni mwao. Wamenyamazishana.

Nikaandika upya. Kwanza programu iulize kama yupo yeyote aliyewashwa. Kama yupo, anyamaze yule tu ambaye hajawashwa. Asiwepo anayemwamuru mwenzake. Ilikuwa kazi ndogo, mistari michache, na niliipitia mara nyingi kuliko ilivyostahili, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo. Kisha nikawasha S ya sauti ya pili, nikawasha S ya sauti ya tatu, nikavaa hedifoni.

Ile sauti ilianza kwenye sikio langu la kushoto, nyembamba kama ya mwanamke. Ubeti ulipoendelea ikaanza kusogea. Ikafika katikati ya kichwa changu. Ikavuka. Ilipofika sikio la kulia ikashuka ikawa sauti ya kiume, ile ile, na upungufu wake ule ule chini ya noti. Kisha kwenye kiitikio ikarudi kushoto, ikapanda tena, ikawa nyembamba.

Waimbaji hawatembei wakiimba. Katika ukumbi ule alitembea mtu mmoja tu. Alikuwa anawainamia sauti ya pili na kuwaimbia sauti yao kwa koo la kike, kama afanyavyo kila siku mazoezini ili wasipotee, kisha anavuka kwa sauti ya tatu na kuwaimbia yao. Pengine alikuwa hajui hata kwamba anaimba.

Nilijitahidi kuwa mtoto mwenye adabu. Nilimwomba mwalimu apite studio peke yake alipokuwa mjini, nikamwamkia shikamoo, nikamvalisha hedifoni. Nilitaka asikie yeye kwanza, kisha aseme mwenyewe mbele ya watu wake. Nilimtazama usoni. Sauti ilipovuka, macho yake yalivuka nayo. Akavua hedifoni taratibu, akaiweka mezani.

"Futa hiyo."

Nikamwambia kwamba hiyo ndiyo sauti aliyosingiziwa mama.

"Binti, wewe ni fundi wa kompyuta. Kwaya ni yangu. Hili nitalimaliza mwenyewe."

Na kweli akalimaliza. Siku chache baadaye mwenye studio aliniletea habari akiwa ametua mzigo: mwalimu amempelekea mama sale, mama amepokea, mambo yamekwisha. Sasa Jumamosi nipandishe vyombo, nifute traki ile, sauti ya pili waimbe upya. Nikauliza kama mama naye atakuja kuimba. Akanitazama kama niliyeuliza kama mvua italipwa. Kwa nini aje? Si ndiye mwenye doa?

Hapo ndipo usingizi uliponikimbia. Alikuwa ameomba msamaha na bado amemwacha mama nje ya kanda. Jani lile lilikuwa limefunga mdomo wa aliyekosewa na halikufungua wa mkosaji. Halafu nikajigeuza upande wa pili nikaanza kujitetea dhidi yangu mwenyewe. Je, kama mama hataki tena? Je, kama nikiwaaibisha wazee nitamharibia yeye zaidi? Je, haya ni haki au ni hasira ya msomi asiye na kazi ya maana? Na kazi yenyewe, hiyo isiyo ya maana, ningeipata wapi nyingine?

Ijumaa nikachukua ile chupa ya mtori, niliyokuwa nimeiokota ukumbini na kuiosha, nikapanda Old Moshi kumrudishia. Nilimkuta anamkatia ng'ombe migomba. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaniketisha kwenye kigoda, akaendelea na panga lake. Nikaanza kumweleza habari za maiki na masikio mawili, nikaona namchanganya, nikasema tu: yule aliyeimba vibaya nimemsikia, anatembea.

Panga likasimama. Hakuuliza ni nani. Akacheka kidogo kwa pua.

Nikamuuliza kuhusu sale.

"Alikuja akasema ananiomba radhi kwa maneno ya siku ile. Kwamba alinisema mbele ya watu. Nikapokea, ningefanyaje?" Akafuta panga kwenye jani. "Alileta sale ya maneno, mwanangu. Ya sauti hakuleta."

Nikamwambia naweza kuwasikilizisha watu wote kesho, lakini sitafanya kama hataki. Akaniambia hanitumi, wala hanizuii. Yeye amesamehe, na aliyesamehe hafukui. Mimi sijakosewa, kwa hiyo sina cha kusamehe wala cha kufukua, nina kazi yangu tu, niifanye vizuri. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Niliteremka nikiwa na kinywa kilichoungua kwa machalari, zile ndizi alizonipikia, na swali moja lililopungua. Mengine yote yalibaki. Asubuhi yalikuwa bado yapo, yalipanda nami kwenye pikapu, yakanisaidia kubeba spika. Nilizipanga upande wa kushoto na wa kulia wa ukumbi, mbali kadiri nyaya zilivyoruhusu. Kwaya ilikuwa imefika yote, maana besi na wenzao walitaka kusikia marudio. Mama alikuja mwisho, na kikapu chake, kama mtu anayepita tu akielekea dukani, akaketi benchi la nyuma karibu na mlango. Wale wa sauti ya pili walitazama sakafu.

Mwalimu aliniambia nifute tuanze.

Mwenye studio alikuwa amesimama nyuma yangu. Kidole changu kilikuwa juu ya kipanya, na nakumbuka nikifikiri kwamba hata sasa naweza kusema umeme umepungua, niahirishe, nifikirie zaidi. Nikachomoa hedifoni. Nikasema kabla ya kufuta nitawasikilizisha ubeti mmoja wa wimbo wa tatu, sauti ya pili na sauti ya tatu pamoja. Nikabonyeza S ya kwanza, nikabonyeza S ya pili, na zote mbili zikabaki zimewaka.

Sauti ikaanza kushoto. Wakaitambua, na wachache wakaanza kutabasamu kwa kumbukumbu ya chura. Kisha ikaanza kutembea. Niliona vichwa vikigeuka pole pole, benchi baada ya benchi, kushoto, katikati, kulia, kama watu wanaomfuata mtu anayepita mbele yao. Ilipofika kulia ikawa ya kiume, kicheko kikakauka. Iliporudi kushoto ikipanda, yule besi mcheshi akasema kwa sauti ya chini, bila mzaha:

"Huyu anayetembea ni nani?"

Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, mahali anaposimama siku zote. Sikumtazama kwa muda mrefu. Nilitazama benchi la nyuma, ambako mama alikuwa amekaa wima na kikapu mapajani, na mwimbaji mmoja wa sauti ya pili alikuwa tayari anamsogezea nafasi mbele.

Mwenye studio akaninong'oneza kwamba nizime, nizime sasa hivi, na nifute kama nilivyoambiwa. Nikamwambia, kwa sauti ambayo ukumbi wote uliisikia, kwamba traki ya sauti ya pili haifutwi. Kama anataka ifutwe, aifute mwenyewe, na aziwashe S zote mbili ili watu wasikie anachokifuta. Hakusogea. Basi nikazima vitufe vyote viwili, nikaingiza sidii tupu, nikaanza kunakili wimbo wa tatu kama ulivyoimbwa, mama akiwa ndani yake, na mwalimu akiwa ndani yake.